Ruta Tatu na Ukuta Mmoja

Katika nyumba ya Mzee Mwashi hapakuwa na msumari hata mmoja ukutani. Saa kubwa ilikaa juu ya kabati, imeegemea ukuta kama mgeni aliyekosa kiti. Picha ya harusi ilisimama juu ya meza, kalenda ililazwa chali, na kioo cha kunyolea kilining'inia kwenye komeo la dirisha, hivyo aliyetaka kunyoa ndevu ilimbidi kwanza afunge dirisha. Mzee alikuwa amejenga nyumba za watu maisha yake yote. Aliona jinsi wenyewe, wakishahamia tu, walivyozipiga misumari na kuzitoboatoboa hata lipu haijakauka vizuri, akaapa kwamba yake haitaguswa. Kuta zake zilikuwa nene, tofali zimelazwa kwa ubapa, nondo zimepita ndani kwa ndani, na zilipanda bila kukoma mpaka kwenye bati. Siku ardhi ikitetemeka, alikuwa akisema, majirani wote wakimbilie kwake.

"Na maji ya kunywa waje nayo," mkewe alikuwa akiongeza.

Mke wa mwana wao wa pekee alikuwa mkalimani wa lugha ya ishara. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi, kwa hiyo binti alianza kusema kwa mikono kabla hajajua kusema kwa mdomo, na sasa hospitali kubwa ilimtumia kwa njia ya video. Mgonjwa asiyesikia anaingia kwa daktari, kompyuta inafunguliwa, na huku nyumbani Mkalimani anasikiliza maneno ya daktari na kuyageuza ishara, kisha anatazama mikono ya mgonjwa na kuigeuza maneno. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Tatizo lake ni kwamba inategemea picha. Sauti ikikatika, mtu anayesikia atasema halo, halo, na mambo yataendelea. Picha ikiganda, kiziwi kanyang'anywa mdomo na masikio kwa mpigo mmoja.

Na picha katika nyumba ile ilikuwa na mahali pake pa kuishia. Ruta ya kampuni ya mtandao ilikuwa sebuleni. Mtandao ulitoka pale ukavuka vizuri hadi chumba cha kulia, ukakutana na ukuta wa Mzee, ukarudi ulikotoka. Nyuma ya ukuta huo, mgongo kwa mgongo na chumba cha kulia, ndiko kulikokuwa na chumba cha Mkalimani na mumewe, kilichoongezwa walipooana, mlango wake ukitazama uani. Humo ndani simu ilitafuta mtandao mpaka ikachoka. Waliwahi kupitisha waya kwa nje, kuzunguka nyumba nzima. Jua liliukausha ukapasuka, na kilichobaki kilikatwa na mlango wa uani siku ya upepo.

Kwa hiyo Mkalimani alifanyia kazi sebuleni. Akifungua kompyuta tu, mama mkwe alihamia jikoni, na Mzee aliinuka, akachukua redio yake ndogo, akatoka kwenda kukaa barazani. Hasemi neno. Hata awe katikati ya taarifa ya habari, hata mvua iwe inarusha matone mpaka miguuni, anainuka na kutoka. Mkalimani alikuwa akikitazama kile kisogo kikipotea mlangoni na kujiambia, huyu baba nimemchosha, nimemfukuza sebuleni kwake mwenyewe na heshima yake inamkataza kusema.

Kwao, mambo hayakukaa hivyo. Ukilelewa na mama anayezungumza kwa mikono, huna budi kumtazama usoni; ukikasirika unakasirika mbele yake, ukipenda unapenda mbele yake. Huku ukweni watu walikuwa wa kufanya mambo kimyakimya. Kiatu chako kilichokatika unakikuta kimeshonwa. Ndoo uliyoiacha tupu unaikuta imejaa. Ukiuliza ni nani, kila mtu hajui. Ukisema asante, unaulizwa "asante ya nini?" kwa sauti ya mtu anayesingiziwa wizi. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa hivyo hivyo. Alimposa kwa kumtengenezea baiskeli kisirisiri mpaka yeye mwenyewe ikabidi amuulize ana maana gani.

Sasa, wiki moja mtandao ulianza kupatwa na wazimu. Hata pale sebuleni, mbele ya ruta kabisa, ambapo haukuwahi kusumbua, ulikuwa unakuja na kwenda. Simu inasema imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Unazima, unawasha, inakubali. Ukigeuka imekataa tena. Na katika wiki hiyo ndipo lilipotokea lile ambalo Mkalimani hakuweza kumweleza mtu, kwa sababu ya mgonjwa hubaki kwa mgonjwa.

Alikuwa mama kijana, mjamzito, aliyekwisha kupoteza mimba nyingine kabla ya hiyo. Daktari alimpima akasema, "Mwambie moyo wa mtoto hauna shida yoyote." Katika lugha yao ya ishara, neno la kukanusha huja mwisho. Mkalimani akaonyesha mtoto, akaonyesha moyo, akaonyesha shida, na kabla mkono haujafika kwenye "hakuna", picha ikaganda. Huko hospitalini alibaki kwenye kioo amekauka, mkono umesimama hewani kwenye shida. Mtandao uliporudi, yule mama alikuwa ameufunika uso wake kwa viganja vyote viwili, na aliyefunika uso huwezi kumwambia kitu kwa mikono. Mkalimani alipunga, akapunga, kama mtu anayeita gari lililokwisha kupita. Yule mama alipofunua macho hatimaye akaambiwa hakuna, hakuna shida, mtoto mzima, alimtazama Mkalimani jinsi unavyomtazama jirani aliyekuja kukuliwaza. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Hakuamini hata kidogo.

Msimamizi wa hospitali alipiga simu siku iliyofuata. "Yule mama anarudi Alhamisi ijayo, na amekutaka wewe. Sijui kwa nini, lakini amekutaka wewe. Sasa dada, nahitaji chumba kilichofungwa mlango, siyo sebuleni watu wanapita, na nahitaji picha isiyoganda. Ikishindikana tena, utanisamehe, nitatafuta mwingine."

Mkalimani alijua kwa nini amemtaka yeye. Yule mama alitaka kumtazama tena usoni aone kama alidanganywa.

Akamwita fundi wa mtandao. Alikuja mwanamke mnene, mcheshi, mwenye begi la vifaa begani na maneno mengi kuliko vifaa. Alipoiona saa juu ya kabati alicheka, akaambiwa asicheke. Mzee alikuwa kitini na gazeti, naye Mama mkwe yuko mlangoni pa jikoni anakausha sahani iliyokwisha kukauka.

"Tuanze mwanzo," Fundi alisema, akaizima ruta ya sebuleni. "Hiyo nimezima. Shika simu yako dada, uniambie mtandao ukipotea."

"Upo," alisema Mkalimani.

"Subiri kidogo."

"Bado upo. Tena umejaa."

Fundi akachomoa waya wa umeme kabisa, akauinua juu watu wauone. "Na sasa?"

"Upo."

"Dada, humu ndani mna jini, au mna ruta nyingine?"

"Ruta ni hiyo moja tu."

Mlangoni pa jikoni, kitambaa kilizidi kuisugua sahani.

Fundi alipiga magoti akachungulia nyuma ya meza ya ruta. Palikuwa na nyaya ambazo Mkalimani hakuwahi kuzitazama; zote alidhani ni za kampuni. Mmoja uliingia chini ya zulia. Waliufuata kwa kukanyagakanyaga, kama watu wanaotafuta panya, hadi chumba cha kulia, na hapo wakamkuta Mama ameshawatangulia, amesimama mbele ya kabati la vyombo, mikono nyuma.

"Mama, tunaomba tupite."

"Hapa hapana kitu."

"Nyuma yako kunawaka taa ya kijani, Mama," alisema Fundi kwa upole.

Ilikuwa ruta mpya kabisa, imesukumwa nyuma ya kabati mpaka ikagusa ukuta wa Mzee, na juu yake imefunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Ilikuwa ya moto kama pasi. Mama aliutazama ule ushahidi, akakosa pa kukimbilia.

"Yule wa dukani aliniambia, ipe jina lile lile na neno la siri lile lile, ichomeke kwenye ile kubwa, basi. Nikasema nikiiweka hapa karibu na ukuta, labda itasukumasukuma mpaka ng'ambo, mtoto apate kufanya kazi chumbani kwake kwa raha. Nilikusudia siku ukifungua kompyuta chumbani ukute tu upo."

Mkalimani alifungua mdomo, lakini Fundi hakuwa amemaliza. Kulikuwa na waya mwingine, na huo ulipanda juu, ukaingia darini kwenye tundu la taa. Fundi akapanda juu ya meza ya kulia huku Mama akimshikia miguu, akasukuma ubao wa dari, akapapasa.

"Ya tatu hii hapa. Imefungwa mfuko wa plastiki, maskini, inahema."

Mama alitikisa kichwa kwa nguvu. Hiyo haikuwa yake. Mzee, kule kitini sebuleni, bila kuinua macho kwenye gazeti, akasema kwamba yeye hapandi darini siku hizi. Akabaki mtu mmoja. Mkalimani akampigia mumewe simu, akaweka sauti ya juu wote wasikie.

"Mume wangu, wewe ndiye uliyeweka ruta darini?"

Kukawa na mngurumo wa injini tu. "Darini kwa nani?"

"Kwenu."

"Sijui habari hiyo."

"Sawa. Fundi anaitoa sasa hivi, anaitupa."

"Asiitupe! Yaani," dereva akakohoa, "kama kuna mtu aliiweka, si aliiweka kwa nia njema? Nimefika kwenye mizani, nitakupigia."

Fundi alikaa juu ya meza akacheka, miguu ikining'inia. Kisha akaeleza, na ingawa alieleza kwa mzaha, kila mtu alielewa. Kila simu na kila kompyuta ikiingia kwenye mtandao wa nyumba, alisema, huomba namba yake na kuonyeshwa mlango wa kutokea nje. Mwenye kugawa namba anatakiwa kuwa mmoja. "Sasa humu mna wakuu wa kaya watatu. Wote wana jina moja, wote wanajiita namba moja, wote wanagawa. Simu inauliza mlango uko wapi? Huyu anasema njoo kwangu, yule anasema njoo kwangu, na mlango wa nje ni mmoja tu, uko kwenye ile ya sebuleni. Ukibahatika unaongozwa na yule wa sebuleni, unatoka. Ukikosa bahati unagonga kabati la vyombo."

"Na hilo ndilo linalogandisha picha?" Mkalimani aliuliza.

"Hilo hilo. Ya sebuleni peke yake ilikuwa inatosha kabisa hapo sebuleni. Zilizoharibu ni hizi za juzi."

Mama akavuta kiti akakaa taratibu, uso umemshuka. "Kwa hiyo niliyekuharibia kazi ni mimi."

Hapo, na tuseme kweli, Mkalimani alipandwa na joto kichwani. Alimwona yule mama kijana na viganja vyake usoni. Alitaka kusema, laiti mngeniuliza! Laiti katika nyumba hii mtu angefungua mdomo hata mara moja tu! Lakini macho yake yakaangukia kile kitambaa cha kufuma. Alikijua. Mama alikuwa akikifuma kwa miezi, wala hakukiweka juu ya televisheni alikokikusudia; alikwenda kuifunika ruta isipate vumbi. Hasira ikatafuta mahali pa kukaa, ikakosa.

"Mama," alisema, akachuchumaa mbele yake ili aonane naye uso kwa uso, "umeninunulia njia ya kufika chumbani kwangu. Ilipotea kidogo tu. Asante."

"Asante ya nini na nimeharibu," Mama alijibu.

Fundi alifanya kazi yake. Ruta ya sebuleni aliiachia ukubwa wake. Zile mbili alizinyima ruhusa ya kugawa namba, akazipa kila moja namba yake zisigongane, akaziacha na jina lile lile na neno la siri lile lile ili mtu akitembea na simu asijue ameacha ipi na amepokewa na ipi. "Nimezivua ukubwa," alisema, "sasa zitapokea na kupitisha tu." Akaitoa ya Mama nyuma ya kabati, akaiweka juu yake, mahali pa wazi, bila kitambaa. Sebule ikatulia. Chumba cha kulia kikawa na mtandao wa kumwagika. Ya darini akasema itafaa kukaa chumbani kwa Mkalimani kwenyewe.

Kisha akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Haukutoa hata mlio.

"Lakini huu, hata niweke ruta kumi upande huu, hazitapita. Hapa dawa ni waya. Tundu moja dogo, waya utoke huku uingie kule, kazi imekwisha."

Mama alitazama sakafu. Mzee alilikunja gazeti kwa mikunjo ile ile lililokuja nayo, akainuka, akachukua redio, akatoka barazani.

Fundi alimtazama akiondoka, akamtazama Mkalimani. "Nimesema vibaya?"

"Hapana, Fundi. Ukuta huo hautobolewi. Acha tu."

Fundi akauacha waya mezani umeviringishwa, na ruta ya tatu kando yake, tayari imepangwa. Akasema atakayebadili nia achomeke mwisho mmoja huku na mwingine kule, hakuna zaidi. Mkalimani alimsindikiza akarudi ndani akiwa mnyonge. Mtu aliyekuwa ananyoa na dirisha limefungwa ili asipige msumari, utamwendeaje na habari za kutoboa? Kumwomba ni kumlazimisha akatae, na kukataa kungemuuma kuliko hata kutoboa.

Jumatano alikwenda hospitalini mwenyewe kuuliza kama wanaweza kumpa chumba kwa ile siku moja. Msimamizi alimzungusha korido nzima kumwonyesha: vyumba vimejaa, hata stoo ina vitanda. Kwa nini asikae na mgonjwa ana kwa ana? Kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa na wagonjwa wa hospitali nyingine mbili kwa video, kabla na baada. Alirudi nyumbani mchana, miguu inaburuza, akipanga maneno ya kumwachia mwingine yule mama.

Alipofika uani, alimwona Mama anafagia mbele ya mlango wa chumba chake, anafagia kwa haraka ya mtu anayeficha kitu. Vumbi lilikuwa jekundu. Vumbi la tofali.

Akaingia. Kwenye kona ya chumba, karibu na meza, sawasawa na usawa wa meza, palikuwa na tundu dogo la mviringo, na ndani ya tundu bomba jembamba la plastiki, na kuzunguka bomba lipu mbichi iliyosuguliwa kwa ustadi hata ungesema ukuta ulizaliwa nalo. Waya ulitoka humo, ukashuka, ukaingia kwenye ruta ya darini iliyokuwa sasa mezani, taa zote zinawaka. Alipofungua simu, mtandao ulijaa mpaka juu.

Alimkuta Mzee sebuleni, kitini, na gazeti. Gazeti lilikuwa la jana. Nyusi zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi, na mkono ulioshika karatasi ulikuwa na malengelenge mabichi ya kusukuma keekee, ile ya kutobolea, kwenye nondo.

"Baba, nani ametoboa ukuta?"

"Panya," Mzee alisema.

"Panya wa humu ndani wanajua kupiga lipu?"

"Wamekaa na mwashi miaka mingi."

Siku nyingine Mkalimani angecheka akapita zake, kwa kuwa ndivyo walivyozoeana. Leo hakuweza. Alisogea akapiga magoti mbele ya kiti, akalishusha lile gazeti kwa kidole, akamtazama usoni kama alivyolelewa kutazama watu.

"Baba, mimi nilidhani kazi yangu inakuudhi. Kila nikianza unachukua redio unatoka. Nikajua nimekufukuza kwenye kiti chako. Na leo umeutoboa ukuta ambao hata saa hukuuwekea msumari. Nakushukuru. Usiniulize ya nini, nakuomba, acha nikushukuru."

Mzee alitafuta pa kutazama, akakosa, kwa sababu yule binti alikuwa amekaa njia yote ya macho yake.

"Sikuwa naudhika," alisema mwishowe. "Mwanzoni nilikuwa nakaa. Nilikuwa naona mikono inapita tu, sijui inasema nini. Mtu hakai na kitu kila siku asikijue, mwanangu. Nikaanza kuelewa. Kidogo kidogo. Homa nikaijua. Damu nikaijua. Siku moja mzee wa watu alikuwa anaeleza habari zake za haja ndogo, nikamwelewa mwanzo mpaka mwisho." Akafuta nyusi, vumbi likamwangukia mapajani. "Nikaona aibu. Yule alikuwa anamwambia daktari, hakuwa ananiambia mimi. Ndiyo maana nikawa natoka."

Mkalimani alibaki amepiga magoti, akimtazama.

"Na wiki ile ulipotoka kwenye kompyuta ukaenda kujifungia bafuni," Mzee aliendelea, akishusha sauti, "sikuuliza. Lakini nilifikiri sana. Watu hujenga ukuta ili mtu akiwa na lake alisemee ndani. Sasa wangu mimi ulikuwa unawatoa watu nje. Nimekwenda kuazima keekee kwa jirani. Amenicheka, huyo usiseme."

Machozi yalimtoka Mkalimani, naye Mzee akainua gazeti la jana haraka, akalisoma kwa bidii.

Alhamisi ikafika. Mkalimani alifunga mlango wa chumba chake, akakaa mbele ya kompyuta, roho juu. Picha ikafunguka safi: daktari, mashine, na yule mama kijana, tumbo limezidi kukua, macho yamezama. Hakusalimu. Alilala, daktari akapima.

"Mwambie moyo wa mtoto hauna shida."

Mkalimani akaonyesha mtoto, moyo, shida, hakuna. Mkono ulifika mwisho bila kizuizi. Hakuna kilichoganda. Yule mama aliitikia kwa kichwa kwa adabu ile ile ya siku ile, kisha mikono yake ikauliza polepole, na Mkalimani akaitamka kwa sauti kama kazi yake inavyotaka: "Unasema kweli, au unaniliwaza?"

Daktari aliinua mabega. "Sijui nimwambie nini zaidi ya hilo," alisema, akanyoosha mkono akaiongeza sauti ya mashine, labda kwa kukosa la kufanya.

Sauti ikajaa chumbani: mapigo ya haraka, madogo, yanakimbizana. Yalitoka hospitalini yakaingia sebuleni kwa Mzee Mwashi, yakapita chini ya zulia hadi kwenye ruta ya Mama, yakapenya ukuta kwenye tundu la Mzee, yakaingia kwenye ruta ya mume aliyejidai haijui, yakafika. Yote yalifika. Mkalimani aliyasikia akajawa na shukrani, lakini hakukuwa na nafasi ya kulia. Kazi ya mkalimani ni kupeleka kila kinachosikika chumbani, na hiki kilisikika.

Akainua mkono mbele ya kifua, akaanza kufumba na kufumbua vidole. Pigo, pigo, pigo. Kwa kasi ile ile, bila kuongeza chumvi.

Yule mama alikunja uso, hakuelewa. Kisha akaelewa. Akaweka kiganja tumboni na kuanza kugonga kwa ncha za vidole, akichelewa nyuma kidogo, kisha akayadaka mapigo, wakaenda pamoja.

Ghafla daktari akasogeza kile kipimo cha tumboni, na sauti ikapotea. Mkono wa Mkalimani ukasimama hewani.

Macho ya yule mama yakatoka pima. Mkalimani aliijua hofu ile, akaweka uso wake hai, akapepesa kope, akamwitikia kwa kichwa ili aone kwamba picha haijaganda: nipo, sisikii tu, ngoja. Wote wawili wakangoja. Daktari akatafuta, akarudisha kipimo kilipokuwa, na yale mapigo yakarudi kwa kishindo, na vidole vya Mkalimani vikarudi nayo.

Hapo ndipo yule mama alipoamini. Mtu anayekuliwaza hasimamishi mkono. Uso wake ulifunguka wote, machozi yakamshuka hadi masikioni kwa vile alikuwa amelala, wala hakuufunika. Nje ya mlango wa daktari foleni ilikuwa ndefu, lakini daktari hakuizima mashine.

Mkono mmoja wa yule mama ulikataa kuondoka tumboni. Akasema kwa ule mwingine: endelea. Mkalimani akaendelea.